Mhakiki Hushauri, Mhariri Ndiye Anayejibu

Makala inayokubaliwa na jarida ndani ya wiki moja, bila swali hata moja la mhakiki, yaani mtaalamu anayeombwa na mhariri kuipima makala kabla haijachapishwa, haijahakikiwa. Nilimweleza hivyo kijana mmoja ninayefundisha naye hapa Tanga, aliyekuja kunionyesha barua pepe ya pongezi kutoka jarida ambalo sitalitaja, ikiwa na ankara ya malipo. "Lakini Mwalimu, kama wahakiki wameipenda?" akauliza. Nikamwomba anionyeshe walichoandika wahakiki hao, na hapakuwa na kitu.

Wengi wetu, hasa tunaopandishwa vyeo kwa hesabu ya machapisho, hudhani kwamba mhakiki ndiye anayepitisha makala. Mhakiki hushauri tu. Mhariri ndiye anayemchagua mhakiki, ndiye anayeyapima maoni yake, na ndiye mwenye mamlaka ya kukataa makala iliyosifiwa au kukubali iliyolaumiwa, mradi awe na sababu anazoweza kuzitetea. Tena uhakiki wa lazima si desturi ya kale kama tunavyoaminishwa: jarida la Philosophical Transactions lilianzishwa London mwaka 1665 na Henry Oldenburg, ambaye aliamua mwenyewe kipi kichapwe, na jarida la Nature halikuufanya uhakiki wa wataalamu wa nje kuwa sharti hadi mwaka 1973.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaijaza makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mapema, kisha akatuma matoleo yake kwa majarida 304 yanayotoza waandishi ada. Majarida 157 yaliikubali. Hata hivyo, idadi ninayoikumbuka zaidi ni nyingine: ni makala 36 tu zilizopata maoni ya wahakiki yaliyogusa kasoro za kisayansi, na kati ya hizo, 16 zilikubaliwa na wahariri licha ya maoni hayo. Huko wahakiki walifanya kazi yao, na mhariri akaifuta. (Waandishi wa kubuni walipewa majina na taasisi za Kiafrika, kwa matumaini kwamba mhariri asiyekuta habari zao mtandaoni hatashangaa. Sijui kama nicheke au nikasirike.)

Yasidhaniwe kuwa haya ni ya majarida ya vichochoroni pekee. Mei 2020 jarida mashuhuri la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona, uliodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 katika mabara sita, zote zikiwa mikononi mwa kampuni moja ndogo ya Marekani iitwayo Surgisphere. Shirika la Afya Duniani lilisimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake kwa sababu ya makala hiyo. Watafiti walioandika barua ya wazi wakaonyesha jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kumzuia mhariri mlangoni: kwa hesabu za makala hiyo, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona barani Afrika na asilimia 40 ya vifo vyote vilitokea katika hospitali zilizohusishwa na kampuni hiyo, zenye kumbukumbu za kina za kielektroniki. Yeyote aliyewahi kusubiri faili lake litafutwe masjala katika hospitali ya wilaya angeuliza hospitali hizo ziko wapi. Mwezi Juni waandishi watatu kati ya wanne waliomba makala iondolewe, kwa kuwa hata wakaguzi huru waliowateua hawakupewa data kamili, na baadaye jarida likaweka sharti kwamba zaidi ya mwandishi mmoja athibitishe kuwa ameziona na kuzihakiki data.

Jarida hilohilo ndilo lililochapisha, mwaka 2015, matokeo ya mwisho ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Korogwe na Bagamoyo vikiwamo. Huko watoto walikuwapo na wazazi wao walikuwapo. Lakini kwenye meza ya mhakiki jedwali la kweli na la kubuni hufanana, kwa sababu mhakiki husoma makala, hafungui madaftari.

Kuna pia hila ya mwandishi kupendekeza wahakiki wenye anwani za barua pepe bandia, kisha akajihakiki mwenyewe. Mwaka 2017 makala 107 za jarida la Tumor Biology ziliondolewa kwa sababu ya uhakiki wa namna hiyo. Dawa yake ni mhariri kutafuta anwani mwenyewe.

Kwetu sisi tunaoandika kuhusu lugha za mkoa huu, tatizo ni la aina nyingine. Makala kuhusu fonolojia, yaani mfumo wa sauti, ya Kibondei au Kidigo inapofika kwa mhariri, watu wanaoweza kuihakiki kwa haki ni wachache mno, na karibu wote wamefundishana, wamesimamiana tasnifu au wamegombana. Kuficha majina hakusaidii sana, kwani mifano peke yake humtambulisha mwandishi. Niliwahi kutumiwa makala ambayo niliitambua kuwa ya mwanafunzi wangu wa zamani, nikamwandikia mhariri kwamba sifai kuihakiki. Angeweza kuniambia niendelee tu, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kufunga toleo. Badala yake alinishukuru, akamtafuta mtaalamu wa lugha za Kibantu nje ya nchi, na makala ikasubiri toleo lililofuata. Mwandishi alilalamika sana kuhusu ucheleweshaji huo, pamoja na kurasa za maswali alizoletewa na mtaalamu huyo.