Nimerudi Tanga jamani, na hapana, sijarudi Mkomunisti

Wakuu habari za siku. Nimerudi jumla, safari hii si likizo, na hapa Ngamiani kila baraza ninayopita swali ni lile lile, ati we huko kwa Warusi ulikuwa unaswali kweli? Sa acha niandike hapa mara moja yaishe.

Niliondoka 1987 kwenda kusoma chuo cha Lumumba, Moscow. Kuswali hakuna aliyenikataza. Kulikuwa na msikiti wa Watatari karibu na Prospekt Mira, ulibaki wazi hata enzi za Wasovieti, Ijumaa ukiingia ni wazee watupu na sisi wanafunzi wa kigeni, basi.

Desemba 1991 ile nchi ikafa. Tarehe 2 Januari 1992 serikali ikaachia bei zijipange zenyewe, na mwaka ule vitu vikapanda zaidi ya mara 25, posho ya chuo ikawa haina maana, mabibi wa watu wamesimama nje ya vituo vya metro wanauza vijiko vyao na viatu. Kila mtu akawa mmachinga, walimu, wahandisi, na mimi na shahada yangu ya uinjinia. Tunaruka Istanbul, mtaa wa Laleli, wauzaji wanaongea Kirusi kuliko sisi, unajaza jaketi za ngozi kwenye shangazi kaja unarudi kuuza Luzhniki, nje ya uwanja ule wa Olimpiki ya 1980. Baadae nikapata kontena soko la Cherkizovsky, hapo majirani zangu Wavietnam, Waafghani, Wachina, Waazeri, we acha tu.

Imani yangu haikutikiswa na Wakomunisti wallahi, ilitikiswa na biashara. 17 Agosti 1998 serikali ikatangaza haiwezi kulipa madeni yake, rubli ikaporomoka. Mi nishachukua mzigo wa nguo za baridi kwa mali kauli toka kwa Mturuki mmoja, deni ni la dola nami nauza kwa rubli, na dola iliyokuwa rubli 6 na ushee, kufika Septemba inacheza kwenye 20 huko. Wenzangu kadhaa walihama mji kimya kimya. Mturuki wangu hana karatasi yenye saini yangu, angenipata wapi? Ila mi nimekulia kwenye mazishi ambayo jeneza halinyanyuliwi mpaka mtu asimame aulize nani anamdai marehemu, sasa ningelala vipi? Nikauza gari, nikawa nalipa kidogo kidogo mpaka likaisha, na yule bwana akaendelea kunipa mzigo mpaka soko lilipofungwa Juni 2009. Ramadhani ya ule mwaka wa msiba iliangukia Desemba, jua linazama saa kumi jioni, yaani funga nyepesi kuliko ya hapa. Zile za Juni za baadae ndo usiseme, unafuturu saa tatu usiku imepita.

Kitu kinachonishangaza nyumbani ni hiki, huku nako ujamaa ulizikwa mwaka ule ule, Azimio la Zanzibar si ndo hilo hilo la 1991, viongozi wakaruhusiwa kumiliki hisa, lakini sioni mtu anaulilia. Warusi mpaka leo wanabishana mezani mpaka chai inapoa. Sisi tulivuka tu kama tunavuka barabara, sijui ni uvumilivu au hatukuwa tumeuamini sana toka mwanzo, mi nahisi hilo la pili.

Nimefungua duka la vifaa vya ujenzi. Misikiti imejaa mashallah, na daftari la madeni nalo limejaa, kuna ndugu yangu mmoja swala ya alfajiri haimpiti ila akiona duka langu anabadilisha njia, bana we pita tu, salamu haidaiwi!

Vijana mnaouliza skolashipu, chuo kimerudishiwa jina la Lumumba 2023, ila mwaka wa kwanza ni lugha tupu, jipangeni. Na jaketi za ngozi zimebaki mbili, anayekwenda aje tuongee bei, mali kauli hakuna.