Kaburi moja kwa kila mwanafunzi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kitengo cha programu za wanafunzi, katika makumbusho ya historia nchini Marekani, nilikabidhiwa ziara ya Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, ambako majeshi ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) yalitua kupigana na Wajerumani tarehe 6 Juni 1944. Nilipanga siku 5 na vituo 14. Nilitaka vijana waone kila kitu, maana wengine wasingepata nafasi ya kurudi.

Tulifika ufuko wa Omaha, mmojawapo wa fukwe walikotua Wamarekani, saa 8 mchana. Wiki nzima nilikuwa nimewasimulia juu ya mchanga ulio wazi, upana wa karibu mita 300, ambao askari waliuvuka wakimiminiwa risasi. Walichokikuta ni ukanda mwembamba tu, bahari imejaa tele. Mvulana mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Sasa walikimbilia wapi hapa?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Askari wale walishuka kama saa 12 na nusu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu Wajerumani walikuwa wamesimika vizuizi vya chuma na magogo yenye mabomu, na maji yakijaa vingezama visionekane na kupasua mashua. Siku yenyewe ilichaguliwa kwa kutazama mwezi na maji. Mimi saa ya kufika niliifuatisha basi. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma.

Makaburi ya Wamarekani ya Colleville-sur-Mer, juu tu ya ufuko huo, yana mawe zaidi ya 9,300. Tuliyamaliza kwa dakika 40. Vijana walipiga picha, wakarudi kwenye basi. Sikuwalaumu hata kidogo: mtu hawezi kuwalilia watu elfu tisa asiowajua.

Kwa ziara iliyofuata nilianza na jedwali la maji kupwa na kujaa, ndipo nikapanga mengine yote. Vituo vikabaki 6. Fomu za afya, ruhusa za wazazi na walimu wa kuandamana nao ni kazi ndefu, lakini ukiianza mapema haikushindi. Kilichonishughulisha zaidi ni jambo la pili nililoamua: kila mwanafunzi apewe askari mmoja aliyezikwa pale, amtafute kwa miezi minne, kisha akasimame kaburini kwake atusimulie habari zake.

Mwezi haukuisha, watatu wakaja wakisema askari wao hana kumbukumbu yoyote. Ni kweli. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika hifadhi ya nyaraka za wanajeshi huko St. Louis, Marekani, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Ya jeshi la nchi kavu, kwa waliomaliza utumishi kati ya 1912 na 1960, yaliungua karibu asilimia 80. Nilikaribia kuwabadilishia majina. Nashukuru sikufanya hivyo, kwa sababu ziko njia mbili nyingine. Ya kwanza ni sensa ya 1940, iliyofungwa kwa miaka 72 na kufunguliwa 2012. Humo unamkuta kijana akiwa bado nyumbani: ndugu zake, kazi ya baba, darasa aliloishia. Ya pili ni faili la marehemu, lililohusu kifo na mazishi, ambalo lilitunzwa mbali na yale yaliyoungua.

Faili hilo ndilo lililowabadilisha vijana wangu. Baada ya vita familia ziliulizwa kwa maandishi: mwili urudishwe nyumbani, au ubaki ng'ambo katika makaburi ya kijeshi? Wengi walichagua kurudishiwa. Kwa hiyo nyuma ya karibu kila jina lililochongwa kwenye jiwe pale Colleville yupo mtu aliyeamua abaki. Msichana mmoja alikuta mama wa askari wake aliomba kwanza mwanawe arudishwe, kisha akaandika tena kuomba aachwe alipo. Sababu hakuitaja. Msichana alitaka kuiandika yeye. Nilimkatalia, na hilo ndilo sharti pekee nililolishikilia kwa wote: usiseme askari alihisi nini, wala mama alifikiri nini, kama hakuna karatasi inayosema hivyo. Alinikasirikia siku kadhaa.

Wazazi wawili hawakutaka tupite La Cambe, walikozikwa Wajerumani zaidi ya 21,000. Niliwaeleza kwamba mwanzoni Wamarekani na Wajerumani walizikwa pale pale, katika viwanja viwili vilivyopakana, na kwamba baadhi ya waliolala pale walikuwa na umri wa watoto wao. Mmoja alikubali. Wa pili hakukubali, nikamheshimu. Mwanawe alibaki na mwalimu.

Safari hii tulifika Omaha maji yamekupwa. Niliwaambia watembee kutoka ukingo wa maji hadi kwenye nyasi, bila kusema neno. Mchanga wenye unyevu wa ufuko huo ndio unaopakwa kwenye jina lililochongwa kaburini, ili herufi zionekane juu ya marumaru nyeupe. Zamu ya yule msichana ilipofika, alilisugua jina taratibu, akasoma ukurasa wake, na alipofika kwenye barua ya pili ya mama akasema, "Sababu hatuijui." Kisha akanyamaza. Dereva alikuwa akitusubiri langoni. Nilimpungia mkono aendelee kusubiri.