Bashrafu na Haydn chini ya feni za maktaba

Nafundisha muziki katika shule moja ya sekondari hapa Mombasa, na wikendi napiga fidla kwenye harusi nikiitwa. Kwa miaka mingi nilikereka na jambo moja. Mwanafunzi anahangaika na kipande miezi kadhaa, anakwenda kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, anapiga mara moja mbele ya jaji mwenye kalamu, anapewa alama, basi. Tamasha hilo lipo tangu 1927 na limetulea wengi, mimi nikiwamo, kwa hiyo silisemi vibaya. Ila pale watu hawaji kusikiliza, wanasubiri matokeo. Nilitaka watoto wangu wapigie watu waliokuja kusikia tu, bila kiingilio na bila kikombe.

Ukumbi wa kukodi ulitushinda bei. Hoteli ilitaka wageni wetu wanunue vyakula. Nyumba ya ibada, iwe ipi, ingewaacha nje nusu ya watu niliowataka. Uwanjani fidla haisikiki mpaka ulete vipaza sauti, na vikishakuja vipaza sauti muziki wa nyuzi umekwisha. Ikabaki maktaba ya umma: dari liko juu, kuta nene, viti vipo, choo kipo, na hakuna mlinzi wa kukuuliza umevaa nini.

Mkutubi mkuu alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mahali hapa kazi yangu ni kuwanyamazisha watu." Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza kwamba Maktaba ya Bunge kule Washington ina ukumbi wake wa muziki tangu 1925, uliojengwa kwa fedha za mama mmoja aliyeitwa Elizabeth Sprague Coolidge, na tiketi za maonyesho yake leo ni za bure. Miaka kumi hivi baadaye mama mwingine, Gertrude Clarke Whittall, akaipa maktaba hiyo hiyo ala tano zilizoundwa na Stradivari, fundi wa fidla wa Italia wa zamani anayesifiwa kuliko wote, pamoja na fedha za kugharimia maonyesho ya kuzipiga. Akacheka. "Sisi hatuna Stradivari, tuna feni zinazolia."

Kwa kweli habari za Washington hazikumgeuza. Kilichomgeuza ni ratiba. Saa ndiyo iliyotusumbua. Jumamosi, watu wakishaswali Adhuhuri na kula, kuna nafasi kabla ya adhana ya Alasiri, na wasomaji wanakuwa wamepungua. Tukaomba tuanze saa nane kamili na tumalize saa tisa, bila mapumziko, Jumamosi moja kwa mwezi. Oktoba na Novemba tusionekane kabisa, kwa sababu ya watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wanaojaza kila meza. Tangazo libandikwe mlangoni wiki mbili kabla, ili asiyetaka kelele apange siku yake. Yote hayo niliyaweka katika barua ya ukurasa mmoja, pamoja na ni nani atakayepanga viti na ni nani atakayefagia.

Sharti la mwisho nililiandika kwa herufi kubwa: HAKUNA HOTUBA. Anayeifahamu nchi hii anajua kwa nini. Watu wakikusanyika bure, mwanasiasa hakosi kupita "kuwasalimia," na salamu yake huchukua nusu saa. Wamekuja wawili mpaka sasa. Tuliwapa viti, wakakaa, wakasikiliza kama wengine. Mmoja nilimwona akitikisa kichwa kwa mapigo kabisa.

Chumba chenyewe nilikijaribu kwa makofi. Nilisimama kila pembe nikipiga kofi moja na kusikiliza linavyokufa. Katikati ya chumba, juu ya vigae vitupu, sauti iliruka ovyo. Upande wa rafu ilitulia, maana vitabu vinanyonya sauti, na migongo yake isiyolingana inaitawanya. Kwa hiyo wapigaji tuliwaweka wakiupa ukuta mgongo, rafu kushoto na kulia kwao, na mbele tukatandika mikeka ya watoto kutoka sehemu yao ya kusomea. Mikeka ilifanya kazi mbili: ilifunika vigae, na ikawaweka watoto karibu. Mtoto aliye karibu na selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni, hana haja ya kuambiwa anyamaze, anatazama mkono.

Feni ni balaa kwa karatasi za nota. Vibanio vya nguo ndivyo vilivyotuokoa, vinne kwa kila stendi. Unyevu wa hapa nao ni adui. Vigingi vya fidla hufura na kukwama, au chumba kikikauka kidogo huteleza uzi ukalegea katikati ya wimbo. Dawa yake ni ya zamani: chaki pale kinapoteleza, sabuni kavu pale kinapokwama. Ala zinafika mapema, zinakaa chumba kile kile zitakapopigiwa, mbali na dirisha, na zinapatanishwa mara ya mwisho feni zikiwa zimeshawashwa.

Sasa tupige nini? Upande wa Ulaya nilichagua vipande vifupi. Haydn, mtunzi wa Vienna, ana kwarteti 68, yaani vipande vya wapigaji wanne wa ala za nyuzi, na karibu kila moja ina minueti, ngoma ya mapigo matatu ambayo hata asiyewahi kusikia muziki huo ataishika kwa mguu. Bach, mtunzi Mjerumani, ana utangulizi wa selo peke yake, dakika mbili na nusu hivi, mpigaji mmoja, hakuna mazoezi ya kundi. Wote wawili wamekufa zamani, Bach 1750 na Haydn 1809, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi ya muziki kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Taarabu ni habari nyingine. Mwimbaji Juma Bhalo alifariki 2014, mwenzake Zein l'Abdin 2016. Nyimbo walizotunga wao hazipigwi hadharani bila leseni au ruhusa, na kutotoza kiingilio hakuufanyi wimbo wa mtu kuwa wako. Upande huo tulianza na bashrafu kongwe na nyimbo alizotunga mwenyewe mzee wetu wa udi, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu.

Bashrafu ndiyo iliyonipa mpango wote. Ni kipande cha ala tupu, kisichoimbwa, kilichotufikia kutoka kwa Waturuki kupitia Misri, na katika taarabu ya kizamani ndicho kinachofungua usiku. Kina sehemu kadhaa, na kila sehemu ikiisha mnarudi kwenye kiitikio kile kile. Minueti nayo ina tabia ya kurudi: mnaipiga, mnakwenda kwenye sehemu ya kati, mnairudia. Nilipoviweka viwili hivyo jirani, sikuhitaji kumweleza mtu kwa nini muziki wa Vienna na wa Mombasa uko katika saa moja. Walisikia wenyewe.

Kuvifikisha jirani kulitutoa jasho lakini. Wanafunzi wangu wanasoma nota na hawawezi kufuata kwa sikio. Mzee wa fidla anafuata kwa sikio na hataki kuona nota. Nyuzi zake amezipatanisha kwa njia ya Kiarabu, sol, re, sol, re, wakati za watoto ni sol, re, la, mi, kwa hiyo hata kuazimana fidla haiwezekani: vidole vinatua pengine. Nilimrekodi kwa simu akipiga polepole, nikaandika, nikawapa watoto, kisha nikawanyang'anya karatasi. Makamu nayo, yaani mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu, tuliichagua kwa hesabu. Makamu ya Rasti ina sauti za robo, zinazoangukia baina ya vitufe vya piano, na mtoto aliyelelewa kwa piano anaziona ni kupotea njia. Tukaanza na Nahawandi, ambayo iko karibu sana na skeli ya maina ya Ulaya wanayoijua. Mzee alinung'unika kwamba hiyo ni ya watoto. Nikamwambia, "Ndio, Ustadh, na hawa ni watoto." Rasti ilikuja baadaye, na sasa binti mmoja anaishika sauti ya tatu ya Rasti vizuri kuniliko.

Lilinijia jambo ambalo halimo katika barua yoyote. Kwarteti ilikuwa katikati ya Haydn, mama mmoja akainuka mstari wa tatu, akaja kwa mwendo wa madaha, noti ya shilingi mia akaizungusha juu ya kichwa cha binti wa fidla ya kwanza na kuiweka kwenye stendi, ikabanwa na kibanio pamoja na Haydn. Binti alitoa macho lakini upinde haukusimama. Akaja wa pili. Huko Ulaya wangetolewa nje. Hapa ndivyo mtu anavyosema umemgusa, na mimi sikuwa tayari kumwambia mwanamke wa mtaa wa Kibokoni kwamba amekosea kusikiliza.

Mkutubi ndiye aliyepata taabu, na alikuwa na haki. Hii ni taasisi ya umma: pesa ikishikwa ndani yake ataulizwa ni ya nani na risiti iko wapi. Nikapendekeza kapu mlangoni: anayetaka kutunza atie humo, mwisho wa kipindi tuhesabu mbele ya watu, tuandike daftarini, zinunue nyuzi za wanafunzi. Mzee wa udi akakataa katakata. "Mwanangu, tuzo haitiwi kapuni. Tuzo yaonwa." Alisema kweli. Katika taarabu mtu hatunzi wimbo mzima, anatunza ubeti, na kwa ubeti huo anamwambia mtu jambo, na anayeambiwa huenda ameketi safu ya nyuma. Ukimpeleka kwenye kapu umemnyima maneno yake.

Tulikubaliana hivi: wimbo wa kuimbwa, mkono kwa mkono, na pesa ni ya msanii, maktaba haihusiki wala haiishiki. Muziki wa ala tupu, kapu. Na katika Haydn, subiri wamalize. Hilo la tatu linavunjwa kila mwezi. Makofi baina ya vipande siyakatazi hata kidogo, wala vigelegele. Wapo wageni wachache wanaogeuka kuwakazia macho wenzao, nao huzoea.

Wasomaji wakauliza je, maktaba inapata nini. Mkutubi, ambaye siku hizi hufika kabla yangu, aliweka meza karibu na mlango yenye vitabu vya siku hiyo: maisha ya watunzi, vitabu vya watoto kuhusu ala, na diwani za mashairi. Diwani ndizo zinazoondoka mapema. Baadhi ya nyimbo za Juma Bhalo zilitungwa na malenga Ahmad Nassir, na watu wazima wanaozijua kwa moyo wakaona kwa mara ya kwanza kwamba maneno yale yamechapwa na yanaazimika. Ili uazime lazima uwe mwanachama, na fomu zipo hapo hapo mezani pamoja na kalamu.

Gharama? Msikilizaji halipi, lakini mtu lazima alipe. Wapigaji wote wanapewa nauli na chakula cha mchana, hata mwanafunzi, na hilo silipunguzi: mzee anayetoka Likoni na udi begani, akapanga foleni ya feri juani, hawezi kuambiwa amejitolea. Mwanzo nilitoa mfukoni pamoja na walimu wawili. Siku hizi duka moja la vifaa vya shule linatoa nauli, na kwa shukrani jina lake linaandikwa chini ya karatasi ya ratiba kwa herufi ndogo. Waliomba bango. Nikawaambia bango litaziba rafu.

Mwezi ujao ni zamu ya kwaya ya kanisa moja la Changamwe, sauti nne, bila kinanda. Wameomba saa nzima. Nimewapa dakika ishirini, na nimewaambia ganuni, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani, inafuata mara tu wakimaliza, kwa hiyo wasimalizie kwa nguvu sana: ina nyuzi zaidi ya sabini, na mwenyewe huwa bado anazipatanisha.