Nyuzi zimekubali, nyuzi zimekataa

Nimeingia ndani saa tano usiku, nimenawa mikono mara tatu kwa sabuni ya unga, na vidole bado vinanuka petroli. Nimefukuzwa sebuleni. Basi naandika nikiwa jikoni, mlango wazi, kabla sijasahau jinsi siku nne zilivyoliwa na tone moja.

Pikapu ni Chevrolet C10 ya 1971. Injini yake ya zamani, silinda sita za mstari mmoja, tulishaiaga. Mahali pake imekaa V8 ya lita 5.3, ya ukoo ule ulioanza kufungwa kwenye pikapu za kampuni hiyohiyo za modeli ya 1999. Siku injini ilipoteremka na kukaa kwenye mauntingi zake nilipiga picha kama ishirini, nikajiona nimemaliza. Nilidhani mafuta ni kazi ya jioni moja: paipu huku, paipu kule, kaza, washa.

Tofauti ya injini hizi mbili, kwa upande wa mafuta, ni kubwa kuliko nilivyotaka kukiri. Ile ya zamani ilikuwa na pampu ndogo ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa bloku, ikisukumwa na kemshafti, na kabureta ilitosheka na psi (kipimo cha presha) 4 hadi 7 hivi. Kwa msukumo huo, mpira uliofungwa kwa klampu iliyochoka utatoa jasho, utachafua chesisi, lakini utakufikisha nyumbani. Hii mpya inataka psi 58 kwenye reli ya injekta, lile bomba linalozigawia injekta mafuta, kila wakati, na pampu yake inakaa ndani ya tangi. Ufa ambao zamani ungetoa unyevu, sasa unatoa ukungu wa petroli karibu na ekzosi ya moto. Nililijua hilo kichwani, ila mikono yangu ilikuwa bado inafanya kazi ya kabureta.

Tangi nililihamisha kabla ya yote. Kwenye C10 za miaka ile tangi liko ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Unaendesha umeliegemea. Ukiangalia vizuri unajiuliza waliokuwa wakivuta sigara humo walimwomba nani. Sasa liko nyuma kabisa, katikati ya reli za chesisi, na pampu imo ndani yake.

Kutoka hapo njia ni hii. Paipu fupi ya chuma ya inchi 3/8 inatoka tangini hadi kwenye chujio. Chujio ni lile la gari la Corvette lenye regyuleta (kidhibiti presha) ndani yake, linalopendwa na wengi wanaofanya kazi hii kwa sababu lina midomo mitatu: mafuta yanaingia kwa 3/8, yanatoka kwa 3/8 kwenda mbele yakiwa na psi 58, na yanayozidi yanarudi tangini kwa mdomo mdogo wa 5/16. Kwa hiyo paipu ya kurudisha ni fupi, haihitaji kusafiri hadi injini na kurudi. Kutoka kwenye chujio, paipu ndefu ya chuma inatambaa juu ya chesisi hadi karibu na giaboksi. Hapo inakutana na mpira, kwa sababu injini inatikisika na chesisi haitikisiki, na chuma kitupu kikiunganisha vitu viwili vya namna hiyo kitakatika siku moja bila kukuaga.

Kuhusu mpira sikufanya ubahili. Nimechukua wenye teflon ndani na wavu wa chuma cha pua nje. Mpira wa kawaida, hata ule mzuri wa injekta, unapitisha harufu kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, na mimi nimechoka kushuka kwenye gari nikinuka kama kituo cha mafuta. (Naandika haya nikinuka kama kituo cha mafuta.)

Upande wa reli ya injekta hapakuwa na shida. Fitingi zake ni zile za kusukuma: unapaka tone la oili safi kwenye ncha ya chuma, unasukuma mpaka inalia *ta*, kisha unaivuta kwa nguvu uone kama imeshika kweli. Ile ya kuvuta ndiyo watu wanairuka. Mlio unaweza kuusikia na fitingi ikawa imeshika upande mmoja tu. Nilivuta, ikashika, nikaendelea.

Tatizo lilikuwa kwenye midomo ya paipu za chuma. Zilikuwa nne: mbili kwenye paipu fupi, mbili kwenye ndefu. Fitingi hizi, zinazoitwa AN na zilizotoka kwenye ndege za kijeshi, hazizibi kwa raba wala kwa gundi. Unakata paipu, unalainisha ukingo, unavisha nati na bushi yake, ile pete inayousukuma mdomo wa paipu, halafu unatanua mdomo wa paipu uwe kama tarumbeta. Tarumbeta hiyo inakalia koni ya fitingi, nati inavuta, chuma kinabana chuma.

Paipu ya kwanza niliitanua vizuri ajabu. Mdomo wa mviringo, unang'aa, hauna ufa. Nikaunyanyua kwenye taa kuuangalia, na pale mezani, karibu na kiwiko changu, nikaiona nati. Ilikuwa imetulia tu, na bushi yake pembeni. Haiwezi tena kupita kwenye tarumbeta. Nikakata, nikapoteza sentimita tatu za paipu, nikaanza upya. Naambiwa kila fundi amewahi kufanya hivyo na wengi wamefanya zaidi ya mara moja. Haikunifariji.

Jumatano nikafungua swichi kwa mara ya kwanza. Pampu ikavuma sekunde mbili, ikanyamaza, kama inavyotakiwa: kompyuta ikiona injini haizunguki, inaikatia umeme. Nikafunga, nikafungua, nikafunga, nikafungua, mpaka njia ikajaa na mshale wa geji ukakaa kwenye 58. Nikashuka chini na tochi, nikapitisha karatasi ya jikoni kwenye kila kiungo. Kavu, kavu, kavu. Cha nne, pale karibu na giaboksi, karatasi ikaja na doa dogo kama punje ya dengu.

Nikakaza kidogo, nikafuta, nikasubiri. Baada ya dakika tatu tone likarudi. Nikakaza tena, sasa likachukua dakika saba. Hapo ndipo nilipopotea, maana dakika saba zilionekana kama maendeleo. Mtu ukishaona kitu kinapungua unaamini kinakaribia kuisha. Alhamisi nzima niliifanya nati ile kuwa adui yangu binafsi. Niliikaza ndi, nikailegeza, nikaisafisha, nikaikaza tena mpaka spana ikaacha alama kwenye pembe zake. Tone likafika dakika kumi na moja, likagoma hapo.

Ijumaa nilikuwa nimeshika tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nakiri. Nilishakata kipande.

Aliyenizuia ni mzee mmoja jirani, mstaafu, ambaye maisha yake yote alifunga paipu za haidroliki kwenye mitambo mikubwa. Alikuja kuangalia injini, kama watu wanavyokuja kuangalia injini, mikono nyuma. Akaiona tepu.

"Hiyo ya wapi, mwanangu?"

"Ya hapa, Mzee. Kuna mahali panatoa jasho."

"Uzi wa nati hauzuii mafuta," akasema. "Kazi yake ni kuvuta tu. Ukiifunga tepu umeziba mlango ambao mwizi hapiti. Tena kipande kikikatika kitakwenda kulala kwenye injekta." Akachuchumaa, akasikia magoti yake, akabadili mawazo, akasimama. "Fungua uniletee nione."

Nikatoa waya wa betri, nikashusha presha ndani ya kitambaa, nikaweka beseni, nikafungua. Akaomba kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia kwenye maboksi. Akaipaka koni ya fitingi wino mweusi pande zote, akangoja ukauke, akaniambia nifunge kwa mkono na spana kidogo tu, halafu nifungue tena bila kuizungusha paipu.

Kama mdomo ungekuwa umekaa sawa, wino ungefutika kwa mkanda mpana kuizunguka koni. Ulikuwa umefutika kwa mstari mmoja mwembamba, karibu na ncha, mwembamba kiasi kwamba ilibidi nigeuze tochi kuuona. Sehemu nyingine yote ya koni ilikuwa nyeusi tii, haijaguswa na kitu. Mafuta ya psi 58 yalikuwa yanazuiwa na kitu chenye upana wa unywele.

"Umetanua kwa kifaa gani?" akauliza.

Nikampa kifaa. Nilikiazima kutoka kwenye seti ya paipu za breki. Hakusema neno, akakigeuza, akaweka kidole gumba chini ya namba iliyochongwa kwenye chuma: 45. Nimekishika kifaa kile siku tatu. Namba ile ilikuwa inaniangalia siku tatu.

Breki za magari na paipu nyingi za kawaida mdomo wake hutanuliwa kwa pembe ya nyuzi 45. Fitingi za AN ni nyuzi 37, sawa na zile za haidroliki alizozifunga mzee huyu miaka yote. Tofauti ni nyuzi 8, kwa macho huioni. Mdomo wa 45 ukikalia koni ya 37 unakuwa umefunguka kuliko koni yenyewe, hivyo unagusa kule shingoni tu na pembeni unabaki hewani. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyoulazimisha mdomo ujikunje ufuate koni, na unafuata kiasi. Ndiyo maana tone lilikuwa linachelewa. Sikuwa natengeneza kiungo, nilikuwa nafinyanga chuma kwa spana.

Usiku nilipolala ndipo nilipogundua Kiswahili chetu kilikuwa kimenichezea. Nyuzi za nati ziliingia vizuri kabisa, laini, kwa vidole, mizunguko yote, na mimi nikachukulia kwamba nyuzi zikikubali basi kiungo kimekubali. Kumbe kuna nyuzi za nati na kuna nyuzi za pembe. Za kwanza zilikubali, za pili zilikataa, na mimi nilikuwa nazisikiliza za kwanza tu kwa sababu ndizo zinazosikika mkononi.

Leo Jumamosi nimepata kifaa cha 37. Nimekata paipu kwa kikata cha gurudumu, si kwa msumeno na wala si kwa grinda, maana ndani bado kulikuwa na unyevu wa petroli na sikutaka cheche wala vumbi la chuma. Nikatoa makali ya ndani. Nati, bushi, kisha mdomo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kikombe.

"Nati umeivisha?"

"Nimeivisha, Mzee."

"Bushi imeangalia wapi?"

Nikaangalia. Ilikuwa imeangalia nyuma. Nikaigeuza bila kusema kitu, naye akanywa kinywaji chake bila kusema kitu.

Tukapaka wino tena. Safari hii ulifutika mkanda mpana, wa kijivu, kuizunguka koni yote. Nikafunga kwa mkono mpaka ikagoma, nikaongeza spana kidogo, nguvu ndogo kuliko nusu ya ile ya Alhamisi. Swichi, sekunde mbili, 58. Karatasi kavu. Nusu saa, kavu. Saa moja, kavu kau.

Ningeishia hapo, na mzee alipokwenda kwake nilikuwa tayari naokota spana. Halafu nikakumbuka kwamba midomo ni minne. Mitatu mingine niliitanua kwa kifaa kilekile, jioni ileile. Haijawahi kuvuja hata tone. Nilikaa chini ya gari nikitazama kile kiungo cha nyuma, cha kutokea kwenye chujio, safi, hata vumbi halijashika unyevu. Nikajiambia mambo yote ambayo mtu hujiambia: kwamba kimekaa siku nne na presha, kwamba mafuta yenyewe yangesema, kwamba ni usiku, kwamba kukifungua kitu kikavu ni kutafuta matatizo. Lakini siku nne zile gari lilikuwa limeinuliwa kwenye stendi, halitetemeki. Injini bado haijawaka hata mara moja.

Nikatoa waya wa betri, nikarudisha beseni, nikakifungua. Sikuhitaji hata wino. Kwenye koni kulikuwa na pete ile ile, nyembamba kama uzi, ikimetameta kwenye tochi, na kwenye ukingo wa nje wa mdomo chuma kilikuwa kimeanza kujikunja upande mmoja tu, mahali ambapo bushi ilikisukuma na hakikuwa na kitu cha kukiegemea.

Nimekata yote mitatu. Paipu ndefu ilikuwa na nafasi kidogo ya kunyooshwa, imefika. Ile fupi ya tangini haifiki tena, imepungua sentimita nne. Kesho natafuta nyingine, na kifaa cha 45 nimeshakirudisha kwa mwenyewe, kimefungwa kwenye kitambaa, namba ikiwa juu.