Pumzi moja kutoka Ngara hadi Githurai: nilivyozimaliza kilomita 42

Kwa mwaka mzima nilipewa ushauri ule ule kwa sauti tofauti. "Wewe kaza tu, ndugu yangu, mwili utazoea." "Wewe si Mkenya? Mbio ziko kwa damu." Nikakaza. Nilichovuna ni maumivu ya muundi wa mguu mara mbili, na marathoni ya saa 5 na dakika 4 ambayo kilomita zake 13 za mwisho nilizitembea zaidi kuliko kuzikimbia. Mwaka uliofuata nilirudi kwa umbali ule ule nikamaliza kwa saa 4 na dakika 26, nikikimbia mpaka kwenye utepe. Jambo kubwa nililobadilisha ni kwamba nilipunguza kasi, tena kwa kiasi ambacho walionishauri wangekiona aibu.

Nieleze kwanza kilichoniangusha, maana naona watu wanaanguka hapo hapo kila Oktoba kwenye marathoni ya Nairobi. Nairobi alfajiri ni baridi, nyuzi 13 au 14 hivi. Umelala vizuri, umepumzisha miguu wiki mbili, watu elfu wamekuzunguka. Mwili unakwambia uko mwepesi. Nilikuwa nimepanga dakika 6 na sekunde 20 kwa kilomita, nikakimbia 10 za kwanza kwa 5:35 bila hata kuhema. Nusu niliipita nikijua nitawashangaza watu. Kilomita ya 27 mapaja yakaanza kuwa mazito, ya 29 yakawa magogo. Haikuwa kukosa moyo wala kukosa maombi. Ni hesabu ya mafuta kwenye tangi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kukimbia kilomita moja hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako. Mimi nina kilo 74, kwa hiyo kilomita 42.195 zinanidai zaidi ya kalori 3,000. Sukari ambayo misuli na ini huhifadhi, ile inayoitwa glaikojeni, ni kama kalori 1,800 hadi 2,000. Kinachobaki lazima kitoke kwenye mafuta ya mwili na kwenye kile unachokula ukiwa barabarani. Ukikimbia polepole, mwili huchoma mafuta kwa sehemu kubwa. Ukiharakisha, huirukia sukari. Zile sekunde 45 nilizoziiba kila kilomita mwanzoni zililipiwa kwa sukari, na tangi likakauka kilomita 13 kabla ya mwisho. Nairobi inaongeza ugumu: tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa, na ukishazidisha kasi hapa, kupata nafuu ukiwa bado unakimbia ni vigumu sana. Ratiba nyingi za mazoezi zimeandikwa kwa watu wa karibu na usawa wa bahari. Mimi huongeza sekunde 15 kwa kila kilomita kwenye mwendo wowote ninaoukuta humo.

Sasa, polepole ni kiasi gani? Hapa ndipo nilipohangaika miezi. Saa ya mkononi inayopima moyo ilikuwa ikinipa namba za ajabu asubuhi za baridi, na ndani ya msitu wa Karura miti huficha satilaiti, kwa hiyo simu hukata kona na kukupunguzia umbali. Niliishia kutumia steji za matatu za Thika Road. Ninavuta pumzi, kisha nazitaja kwa sauti ya kawaida nikiwa nakimbia: Ngara, Pangani, Muthaiga, Allsopps, Garden City, Roysambu, Kasarani, Githurai. Nikifika Githurai bila kuvuta pumzi nyingine, huo ndio mwendo mwepesi. Pumzi ikikatika Roysambu, niko kwenye mwendo wa mashindano. Ikikatika Muthaiga, nimezidisha na napunguza hapo hapo, hata kama ni mlima na inabidi nitembee. Nafanya hivyo kila dakika kumi. Anayeishi Rongai au Umoja achukue steji za barabara yake, mradi ziwe nane na azitaje kwa utulivu bila kuzifyatua kama makanga.

Nilipoanza, Githurai ilinidai mwendo wa dakika 7 na sekunde 40 kwa kilomita. Akina mama wa kutembea asubuhi walikuwa karibu kunipita. Baada ya wiki kumi, pumzi ile ile ilinifikisha Githurai kwa 6:55. Hakuna nilichokaza. Na wale mabingwa tunaotajiwa kila siku, mazoezi yao mepesi kule Iten na Kaptagat huanza kwa mwendo wa kujikokota. Kipchoge alikimbia Berlin mwaka 2022 kwa 2:01:09, yaani chini ya dakika 2 na sekunde 53 kwa kilomita, lakini hakimbii hivyo kila asubuhi.

Ratiba yangu ilikuwa ya wiki 18, siku nne kwa wiki. Jumanne kilomita 8 nyepesi. Alhamisi kilomita 2 nyepesi, kisha dakika 5 za nguvu mara tano na dakika 2 za kujikokota katikati. Jumamosi 6 nyepesi. Jumapili ndefu, kuanzia 14 hadi 32. Kila wiki ya nne nilipunguza jumla kwa theluthi moja, hata nilipojisikia vizuri, hasa nilipojisikia vizuri. Ile 32 iliangukia wiki tatu kabla ya siku yenyewe, na baada ya hapo ni kupunguza tu.

Muundi uliponiuma niliambiwa nipake dawa ya kuchua na kuendelea. Hapana. Maumivu yaliyosambaa kandokando ya mfupa, yanayopungua ukishapata joto, hutokana na kuongeza umbali upesi kuliko mfupa unavyoweza kujijenga. Kwa wiki mbili nilikata umbali kwa nusu, nikahamia udongo, na nikaanza kupanda kwa vidole kwenye ngazi ya nyumba: kisigino kinaning'inia nje ya ngazi, unanyanyuka taratibu na kushuka taratibu zaidi, mara 15 goti likiwa limenyooka na mara 15 likiwa limekunjwa, mguu mmoja mmoja, seti tatu, siku moja ndiyo siku moja sivyo. Lakini ukibonyeza mfupa ukakuta sehemu moja ndogo kama sarafu inayouma sana, na inauma hata usiku, acha kukimbia uende hospitali, kwa sababu huenda mfupa umepata ufa.

Viatu nataka kuviongelea kwa kirefu, kwa sababu nilipoteza pesa. Vipya vya dukani ni elfu kumi na kitu kwenda juu, kwa hiyo wengi wetu tunakwenda kwenye soko la mitumba la Toi au Gikomba, na pale kiatu kizuri cha mbio utakipata kwa elfu mbili na nusu, tatu, inategemea umeamka saa ngapi na unajua kuelewana bei vipi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuangalia soli ya chini. Ilikuwa na meno yote, kama mpya. Kinachokufa kwanza ni sponji iliyo kati ya soli na mguu, na sponji hufa kwa umbali na pia kwa umri. Kiatu kilichokaa stoo miaka minane kinaweza kuwa kizima kwa macho na kigumu kama ubao.

Siku hizi nakikagua hivi. Nakibonyeza sponji kwa kidole gumba kutoka ubavuni: inapaswa kuingia na kurudi. Naangalia ubavu huo huo karibu na kisigino. Mikunjo mingi midogo ya mlalo, kama ya shingo ya mzee, maana yake imeshakandamizwa na haitarudi. Nakiweka juu ya meza na kukitazama kutoka nyuma kwa usawa wa jicho: kikiinama ndani au nje, aliyekivaa alikanyagia upande huo na kitakuvuta goti. Nakikunja: kizuri hukunjika penye vidole, kibovu hukunjika katikati. Natoa soli ya ndani na kupapasa sehemu inayoshika kisigino, plastiki ikiwa imetokeza itakuchana. Kisha nasoma kitambulisho kidogo chini ya ulimi, ambacho mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa. Kikiwa na zaidi ya miaka mitano nakirudisha. Mwuzaji akikwambia "hii ni camera, boss", yaani mtumba wa daraja la kwanza, usibishane, endelea kubonyeza. Fundi anaweza kukubandikia soli iliyoachia, lakini hakuna fundi wa kufufua sponji. Nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi ukifika kilomita 30. Soksi za pamba ziache nyumbani. Hushika maji na kuleta malengelenge.

Jumapili ndefu nilizifanya Karura. Ada ya mwananchi si kubwa, hulipwa kwa simu, na kuna udongo mwekundu unaosamehe miguu kuliko lami. Makutano ya njia yana namba, kwa hiyo ni rahisi kupanga mzunguko na kumwambia mtu atakukuta wapi. Mvua ikinyesha udongo ule hunata kwenye soli mpaka kila mguu uongeze nusu kilo, na mizizi huteleza, basi siku hizo hamia barabarani. Usiache ndizi juu ya benchi, tumbili wa pale wana macho kuliko askari. Hata hivyo mbio zenyewe ni za lami, kwa hiyo ndefu tano za mwisho nusu yake nilikimbilia lami, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukishapambazuka, nikielekeana na magari, bila chochote masikioni. Kumbuka bodaboda huja kutoka nyuma kwenye upande huo huo wako, kinyume na sheria zote. Geuka kabla ya kukwepa shimo.

Kuhusu kunywa na kula nilidanganywa pia. "Usinywe maji, utakuwa mzito." Mwingine akasema ninywe maji mengi kadiri niwezavyo, na hilo ni hatari zaidi, kwani maji matupu mengi hupunguza chumvi kwenye damu. Mchanganyiko wangu: maji lita moja, sukari vijiko vya chakula vitano vilivyosawazishwa, chumvi robo kijiko cha chai, limau nusu. Nusu lita kwa saa, kwa mikupuo midogo, pamoja na tende tatu kila dakika 40, zimetolewa kokwa nyumbani. Inafika kama gramu 55 za sukari kwa saa, na tumbo lazima lizoeshwe wiki kadhaa kabla, kwenye zile Jumapili. Usiku wa kuamkia mbio ndefu usile githeri wala sukuma nyingi. Wali, viazi au chapati na mchuzi kidogo vinatosha. Chai ya maziwa alfajiri ilinikimbiza kichakani mara moja, tangu hapo ni chai ya rangi na mkate wenye jemu, saa mbili na nusu kabla ya kuanza. Mafuta ya mgando kwapani na kati ya mapaja, plasta kwenye chuchu. Wanaume mnaoruka hatua hiyo mtaiona damu kwenye fulana.

Siku yenyewe nilikimbia 10 za kwanza kwa 6:30, nikitaja steji zangu kila kilomita mbili huku watu wakinipita kwa mamia. Kuwaacha waende lilikuwa jambo gumu kuliko ile 32. Kutoka hapo 6:20 mpaka kilomita ya 32, jua likiwa limeshaanza kuchoma. Hapo nikapima tena: pumzi ilikatika Garden City, miguu bado inaitika. Nikaachilia. Zile 10 za mwisho zilitoka kwa wastani wa 6:05, na kila kilomita niliwapita watu waliokuwa wakitembea wameshika kiuno, mahali pale pale nilipokuwa nimeshika kiuno changu mwaka uliotangulia.

Baada ya utepe sikukaa chini. Nilitembea dakika 20, nikanywa kilichobaki kwenye chupa, nikala ndizi mbili. Ngazi nilizishuka kinyumenyume siku tatu. Nilikimbia tena siku ya tisa, kilomita 4, Githurai kwa pumzi moja. Viatu ni vile vile vya Toi. Chini ya ulimi nimeandika kwa wino kilomita zake, sasa zimefika 610, na sponji ya kushoto karibu na kisigino imeanza mikunjo miwili.