Mpunga unaohamishwa mara tatu: kijiji cha maji karibu na mdomo wa Barito

Katika nyanda za chini za Barito Kuala, Kalimantan Kusini, nchini Indonesia, mkulima wa Kibanjar, kabila la wenyeji wa huko, huvuna mpunga mara moja tu kwa mwaka. Mbegu huanza kuoteshwa mwezi wa Oktoba au Novemba, mavuno huja Agosti au Septemba. Maofisa wa kilimo wa vizazi kadhaa wameiona kalenda hii kama uzembe unaohitaji dawa. Mimi naiona kuwa hesabu makini ya maji na udongo, na anayetaka kuibadilisha aanze kwa kuielewa.

Tuanze na maji. Kijiji kiko mbali kidogo na bahari, lakini bahari inakiendesha. Maji yanapojaa kule baharini, Mto Barito huzuiliwa usishuke, nao hurudi nyuma na kuingia mashambani. Yanapokupwa, mashamba humwaga. Kwa hiyo ardhi hupangwa kwa namna inavyofikiwa na maji hayo. Ardhi ya aina A hufunikwa wakati wa bamvu, maji yanapojaa sana, na hata wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo. Aina B hufunikwa wakati wa bamvu tu. Aina C haifunikwi kabisa, ila maji ya chini hayazidi kina cha nusu mita, na katika aina D maji hayo yako chini zaidi ya hapo. Mtu akinunua shamba bila kuuliza ni aina gani, amenunua gizani.

Maji hayo huingia na kutoka kwa handil, mfereji unaochimbwa kwa mikono kutoka mtoni kuelekea bara. Upana wake ni mita 2 au 3, kina kiasi cha mita 1, na urefu kilomita 2 au 3. Nyumba hufuata handil, mashamba hukaa nyuma ya nyumba, na mkuu wa handil ndiye huita watu kwenda kuzoa matope na kung'oa magugu. Kazi hiyo ikilegea, mfereji hujaa tope, maji hushindwa kutoka, na shamba lililo mwisho wa handil ndilo huumia kwanza.

Kwa nini kutoka kwa maji ni jambo kubwa hivyo? Chini ya tabaka la juu la udongo huu kuna madini ya chuma na salfa. Yakikaa ndani ya maji hayana madhara. Yakipata hewa, kwa sababu mtu amechimba sana au kiangazi kimeshusha maji mno, hugeuka tindikali. Kipimo cha uchachu, pH, hushuka chini ya 4, maji ya mfereji huwa na utando mwekundu unaong'aa kama mafuta, na majani ya mpunga hubadilika rangi ya kahawia kuanzia ncha. Mbolea haitatui hilo. Dawa ni mvua na maji ya mto kuiosha ile sumu miezi kadhaa, kisha kuitoa. Kiangazi kinapokaribia, kazi hugeuka: handil huzibwa kwa tabat, bwawa dogo la mbao na udongo, ili udongo usikauke.

Hapo ndipo upandikizaji wa mara tatu unapoeleweka. Hatua ya kwanza ni taradak: mbegu hutiwa kwenye vishimo juu ya tuta kavu, kwa mafungu, na kufunikwa majivu. Kilo 5 hivi zinatosha hekta nzima. Baada ya siku 35 hadi 40 huja ampak: kila fungu hugawanywa mafungu manne au matano na kuhamishiwa ukingoni mwa shamba, penye maji kidogo. Mwezi mmoja na kitu baadaye huja lacak, ambapo miche hugawanywa tena na kuenea sehemu kubwa zaidi ya shamba. Hukaa humo karibu miezi miwili. Machi au Aprili, miche ikiwa imekomaa na kurefuka karibu mita 1, ndipo hupandwa shamba zima.

Kwa njia hii mkulima hupata miche mingi kutoka mbegu chache. Tena, kati ya Desemba na Februari maji ni marefu, na mche mdogo ungezama, ilhali huu mrefu huja wakati maji yanaanza kushuka na tindikali imekwisha kuoshwa. Na haileti faida kupanda mapema, kwa kuwa mpunga wa asili wa hapa, hasa jamii ya Siam, huchanua siku zinapofupika, katikati ya mwaka. Ukiwahi au ukichelewa kidogo, utavuna na wenzako.

Miche ikisubiri kwenye lacak, shamba kuu husafishwa kwa tajak, panga refu lililopinda lenye mpini, ambalo hupita chini ya maji na kukata magugu kwenye shina bila kufukua udongo. Magugu huachwa yalowe wiki mbili hivi, kisha hukusanywa na kuviringishwa kuwa mipira, hugeuzwa ili yaoze pande zote, mwishowe hutandazwa shambani kama mbolea. Trekta inayolima kina kirefu hufanya haraka, lakini huiinua ile salfa ya chini na kuipa hewa. Shamba la namna hiyo linaweza kukaa miaka bila kuzaa. Kupanda nako hufanywa kwa muo wa mti: tundu moja, miche miwili au mitatu, na kati ya tundu na tundu sentimita 30 hadi 40.

Kazi za kuajiriwa hulipwa kwa borongan, kipande cha mita 17 kwa 17, yaani pima kumi kwa pima kumi. Hekta moja ina borongan 35 hivi. Mpunga hupimwa kwa belek, debe la lita 20, lenye kilo 10 au 11 za mpunga mkavu. Hekta nzuri hutoa tani 2 hadi 3. Aina za kisasa hutoa zaidi na kwa miezi minne tu, ila zinataka mbolea, maji yanayodhibitiwa na dawa, na wali wake hushikana. Wabanjar wanataka wali mkavu wa kuchambuka, kama walaji wengi wa pwani yetu, nao hulipia Siam bei ya juu. Hiyo bei ni sehemu ya hesabu.

Hata hivyo mpunga ni chakula kwanza. Fedha ya matumizi hutoka kwingine. Wanawake hung'oa purun, nyasi inayostawi kwenye maji yenye tindikali, huianika, huitwanga mpaka ilale bapa, kisha husuka mikeka na vikapu. Wanaume hutega migono ya kunasa haruan na papuyu, samaki wanaostahimili maji mabaya kwa kuvuta hewa. Mti wa galam, unaoota wenyewe penye ardhi iliyoungua, hukatwa nguzo za misingi ya nyumba. Nguzo hizo hudumu sana zikizama muda wote, bali zikilowa na kukauka kwa zamu huoza.

Ila fedha kubwa siku hizi ni machungwa. Udongo wa juu hurundikwa kuwa vichuguu vya upana wa mita 2 au 3 katikati ya mpunga, juu ya usawa wa bamvu, na mchungwa mmoja hupandwa kwa kila kimoja. Mwaka hadi mwaka udongo huongezwa mpaka vichuguu vinaungana kuwa tuta refu. Anayekosea huchukua udongo wa chini kabisa ili amalize upesi, naye hupanda mti juu ya tindikali. Maji yakisimama kwenye mizizi, majani hugeuka manjano na mti hufa.

Ng'ambo ya Barito, Kalimantan ya Kati, serikali ya Rais Soeharto ilianza mwaka 1995 mradi wa kugeuza hekta milioni moja za kinamasi kuwa mashamba ya mpunga. Zaidi ya kilomita 4,000 za mifereji zilichimbwa, nyingi zikikata mboji nene, yaani udongo wa mimea iliyooza nusu. Mboji ikakauka, mwaka 1997 ikawaka, na mradi ukasitishwa baada ya Soeharto kuondoka madarakani. Handil ya kijiji huishia kilomita chache kutoka mtoni kwa sababu waliochimba walijua ng'ambo ya hapo maji ya mto hayafiki, na mahali yasipofika hakuna cha kuosha udongo.