Kabichi za Brussels Katika Bustani Yangu

Kati ya mboga zote ninazopanda, hakuna inayonidai subira kama kabichi za Brussels, yaani kabichi zenye vichwa vidogo vidogo vinavyoota kwenye shina refu, kwa sababu tangu kupandikiza miche hadi kuchuma vichwa vya kwanza huweza kupita miezi mitatu au zaidi, na muda wote huo mmea hupenda hewa ya baridi. Joto likizidi, vichwa hufunguka na kuwa vichungu.

Mwaka wa kwanza nililainisha udongo kupita kiasi na kuweka mbolea nyingi yenye naitrojeni, nikidhani ninaitendea mema miche yangu. Majani yalistawi ajabu, lakini vichwa vilikuwa vilegevu, na mashina marefu yaliyumba kila upepo ulipovuma. Siku hizi ninashindilia udongo kwa mguu kuzunguka kila mche, ninaacha nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche, na mmea ukirefuka ninaufunga kwenye kijiti imara.

Vichwa huota kwenye makwapa ya majani, yaani pale jani linapoungana na shina, na kukomaa kuanzia chini kwenda juu, hivyo huchumwa kidogo kidogo, vikiwa vigumu na vyenye upana wa sentimita 3 hivi. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hupenda kujificha humo, kwa hiyo ninakagua upande wa chini wa majani kila baada ya siku chache, na yaliyogeuka manjano ninayaondoa. Jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, ikianguka sina haraka ya kumaliza kuvuna: mmea huongeza sukari ili kujikinga na baridi, na utamu huo, kwa kweli, huonekana mezani.